Kutengeneza gobo kwa mkono: nakshi ya mwanga kwenye ukuta wa chokaa

Chukua kofia ya bulibuli iliyoshonwa kwa mkono, uishike mbele ya taa usiku. Vitundu vyake vitapitisha mwanga na ukutani utaona vinukta vinukta vyenye kingo zilizofifia. Kazi ya gobo ni hiyo hiyo. Ni kibati kinachozuia mwanga, kimetobolewa pale tu unapotaka mwanga upite. Tofauti ni kwamba gobo linakaa ndani ya taa, mbele yake pana lenzi, na lenzi hiyo inaichukua nakshi ndogo kama kiganja na kuitandaza ukutani ikawa pana kama chumba.

Mimi nafunga taa za harusi na za maigizo hapa Unguja. Magobo ya dukani ninayo machache, yote yameagizwa nje: majani ya miti isiyoota kwetu, madirisha ya miji ya baridi, nyota. Ni kazi safi, lakini yakimwagwa kwenye ukuta wa Mji Mkongwe yanakaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Hapo hapo, hatua kumi kutoka jukwaani, pana mlango umechongwa mayungiyungi na mnyororo ambao hakuna duka lolote linauza mfano wake.

Ugumu wa gobo haumo kwenye kutoboa, umo kwenye kinachobaki. Kila kipande cha bati unachotaka kibaki lazima kishikane na chengine, na hicho kishikane na chengine, mpaka ukingoni, la sivyo kinadondoka. Mafundi waliotoboa mbao za varanda na madirisha ya Mji Mkongwe walikuwa na kazi hiyo hiyo, na washonaji wa bulibuli wanayo hadi leo: kutoboa sana bila kitu kusambaratika. Ndiyo maana nasema nakshi zetu zinafaa kwa gobo kuliko picha utakayoikuta kwenye intaneti.

Kwanza ijue taa yako

Gobo halikai kwenye kila taa. Taa ya kumwaga mwanga mpana usio na kingo haina pa kuliweka. Inayotakiwa ni taa ya profaili, ile ndefu yenye bomba la lenzi mbele na vibati vinne vya kukatia mwanga katikati. Karibu na vibati hivyo pana mwanya mwembamba. Hapo ndipo panaitwa geti, na hapo ndipo gobo linaposhuka likiwa ndani ya fremu yake.

Kwa nini hapo na si mbele ya taa? Jawabu nililipata kwenye kiza. Disemba 2009 umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja yote ikakaa bila umeme kwa miezi mitatu hivi. Jioni moja nilitoboa nyota kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, nikakisimamisha mbele ya koroboi. Ukutani likatoka doa. Nikakisogeza kibati mbali na koroboi, kuelekea ukutani, na pembe za nyota zikaanza kuonekana moja moja. Sababu ni kwamba moto wa koroboi una upana. Kila sehemu ya ule moto inapiga nyota yake ukutani, na nyota zote hizo zinapandiana mpaka umbo linapotea. Kibati kikikaribia ukuta, zinakaribiana na kuwa moja.

Wengi walikiona kitu cha namna hiyo bila kukijua siku ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Chini ya mwembe, vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani viligeuka kuwa vijihilali, kwa sababu kila mwanya mdogo kati ya majani ulikuwa unachora picha ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham, mtaalamu wa elimu ya mwanga aliyezaliwa Basra katika karne ya 10 na kufanya kazi Misri, aliandika risala nzima juu ya jambo hilo, umbo la mwanga wa jua lililopatwa likipita kwenye tundu.

Lenzi inaliondoa tatizo la koroboi. Inakusanya miale yote inayotoka kwenye nukta moja ya gobo na kuirudisha kwenye nukta moja ukutani. Lakini inafanya hivyo kwa kitu kilichokaa mahali maalumu tu, na mahali hapo ni geti. Ukilifunga gobo mbele ya lenzi utapunguza mwanga, nakshi hutoiona.

Sasa pima. Saizi zinazotumika sana ni A, yenye upana wa milimita 100 ambapo nakshi inakaa ndani ya duara la milimita 75. B, milimita 86 na nakshi 64. Na M, milimita 66 na nakshi 48 hivi. Taa zinazozungushwa na mota zina saizi zake nyengine, ndogo zaidi. Hata ukiambiwa saizi, itoe fremu uipime kwa rula mwenyewe, na upime vitu viwili: upana wote wa kibati, na upana wa tundu la fremu. Nimewahi kukata usiku kucha kwa kuamini maneno ya aliyenikodisha taa, asubuhi gobo likawa kubwa kwa milimita nne na fremu haifungi.

Jambo la pili la kujua ni joto. Taa ya halojeni ya wati 575 au 750 inapika kila kilichomo getini. Karatasi itaungua, plastiki itayeyuka ikatie madoa lenzi, na bati jembamba litajikunja. Taa ya LED ni mpole zaidi, ingawa nayo si baridi. Jawabu la swali hili, halojeni au LED, ndilo linaloamua utanunua bati gani.

Bati

Bati ninalolipenda kuliko yote halina bei kubwa: sahani za alumini za mashine ya ofseti. Wachapaji wakishamaliza kazi huziuza kama chakavu. Zina unene wa kati ya milimita 0.15 na 0.3, zimenyooka, zinakatika kwa kisu, na alumini haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 660. Upande mmoja una tabaka la rangi, kijani au buluu, na chini yake ngozi ngumu. Lisugue lote kwa msasa na maji ya sabuni mpaka uone alumini inang'aa. Ukiliacha, taa ikipata moto litatoa moshi na harufu mbele za watu.

Makopo ya soda pia ni alumini, lakini ni membamba mno, kiasi cha milimita 0.1, yamepakwa rangi nje na dawa ndani, na mviringo wake hauishi kabisa hata ukilipiga pasi. Yanafaa kujifunzia. Vyombo vya foili vya kubebea chakula ni vya majaribio: ukitaka kuona umbo litatokaje, kata foili kwa wembe, litie getini dakika mbili, liangalie, litupe. Kopo la maziwa ni chuma, linavumilia joto, lakini linachosha mkono na kwa hewa yetu ya chumvi litashika kutu kabla ya msimu kwisha. Bati la chuma kisichoshika kutu ndilo linalotumiwa viwandani. Halikatiki kwa kisu, kwa hiyo nalo uliache mpaka umpate mwenye mashine ya leza.

Vifaa vyengine: bikari, rula ya chuma, kisu cha karatasi chenye wembe wa kubadilisha (nyembe ziwe nyingi), mkasi wa bati, kekee yenye ncha ya milimita 1, tupa ndogo, msasa laini, kipande cha plaiwudi kisicho na mabonde, na kile chuma cha fundi viatu cha kutobolea mikanda. Hicho cha mwisho ukiweza kukiazima, usikirudishe mapema.

Mchoro, na hapa usikimbie

Usichore kitu kabla ya kufanya hesabu moja. Taa ya profaili ya nyuzi 26 (ndiyo pembe ya kutanuka kwa mwanga wake) ikiwa mita 8 kutoka ukutani inatoa duara la mita 3.7 hivi. Nakshi ya gobo la saizi A ni milimita 75. Yaani kila kitu kinakuzwa karibu mara 50: milimita 1 kwenye bati ni sentimita 5 ukutani. Mkono ukiteleza nusu milimita, ukutani ni sentimita mbili na nusu, na watu wataiona. Ukitumia taa ya nyuzi 36 kwa umbali huo huo, duara linafika mita 5.2, na makosa yanakua pamoja nalo.

Hesabu hii ndiyo inayokupa ukubwa wa madaraja. Daraja ni kile kijiukanda cha bati kinachokishika kipande kilichozungukwa na tundu. Mimi kwa kisu sishuki chini ya milimita 1.5, na kwa taa ya halojeni naacha 2, kwa sababu daraja jembamba likipata joto linajipinda na nakshi inahama. Milimita 2 ni sentimita 10 za kivuli ukutani. Huwezi kuzificha. Basi usizifiche, zifanye ziwe sehemu ya nakshi: uti wa jani, pete ya mnyororo, ukingo wa petali.

Tuchore ua la mlango la petali nane, ambalo ndilo namfundishia kila anayeanza. Kwa bikari piga duara la milimita 100, ndani yake la milimita 75, na ndani ya hilo la milimita 66. Lile la 66 ndilo mpaka wa kutoboa, maana kingo za duara la mwanga haziwi kali kama katikati na nakshi ikizigusa inaonekana imekatwa. Katikati piga duara la milimita 20. Gawa mara nane, kila nyuzi 45, kwa mistari inayotoka katikati. Sasa kila petali ichore kati ya duara la 20 na la 66, lakini iache milimita 1 kila upande wa mstari. Petali mbili zinazokaribiana zitakuwa na milimita 2 za bati kati yake. Petali ndizo tundu. Lile duara la katikati, ambalo lingedondoka, sasa limeshikwa na madaraja manane, na ukutani madaraja hayo yataonekana kama mistari ya kivuli inayotoka kwenye moyo wa ua, sawa na fundi wa mlango anavyoipiga tindo kati ya petali na petali. Kwenye moyo wenyewe toboa vitundu saba vya milimita 2: kimoja katikati, sita kukizunguka. Hapo umeikopa bulibuli.

Kabla hujakata, paka penseli nyeusi kila kitakachobaki, kisha weka ncha ya kalamu katikati ya kila sehemu nyeusi na jaribu kutembea mpaka ukingoni bila kuvuka tundu. Ukikwama, hapo pana kisiwa kisicho na daraja. Nakwambia fanya jambo hili kila mara, hata kwa mchoro uliokwisha kuukata mara kumi.

Maandishi ni habari nyengine. Harusi nyingi wanataka majina. Ukitoboa herufi, zile zenye macho (a, b, d, e, g, o, p) zinadondosha macho yao, kwa hiyo kila jicho lipewe madaraja mawili, juu na chini, yakae mahali pamoja katika kila herufi ili yaonekane yamekusudiwa. Herufi za Kiarabu zinatoboka vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zimeungana na nukta zake ni vitundu vya kawaida tu. Vichwa vyenye jicho, kama vya mimu, wau, fe na kafu, ndivyo vinavyotaka daraja. Lakini mtu akitaka herufi ziwe kivuli na mwanga uzizunguke, mambo yanageuka: macho hayana shida tena, na kila nukta inakuwa kisiwa. Nukta ya nuni haiwezi kuelea hewani. Hapo namwambia mwenye harusi mapema kwamba ama tutaongeza mstari wa kuishika, ama tutoboe herufi.

Kukata

Bandika mchoro juu ya bati kwa gundi ya karatasi, na bati libandike juu ya plaiwudi kwa utepe pande zote nne lisitembee.

Anza na kekee. Toboa tundu la milimita 1 kwenye kila kona kali, upande wa ndani wa petali. Kisu kikifika kwenye tundu kinaishiwa na cha kukata, nawe unausikia mkono ukilegea, unasimama. Bila vitundu hivyo kisu kitapita kona na kulijeruhi daraja, na daraja lililojeruhiwa litakatika siku ya shughuli, si leo.

Kata vitu vidogo kwanza, kutoka katikati kwenda nje, na tundu kubwa ziwe za mwisho, kwa sababu kila unachoondoa kinalidhoofisha bati. Duara la nje usilikate kwa mkasi mpaka kila kitu kiwe tayari. Vitundu vya mviringo ni vya chuma cha fundi viatu: kisimamishe wima, piga nyundo mara moja, pigo moja la uhakika.

Kwa petali, usitafute kukata kwa mara moja. Pita kidogo mara ya kwanza, uache mkwaruzo tu wa kukiongoza kisu. Mara ya pili kandamiza. Mara ya nne au ya tano utasikia sauti imebadilika, kutoka mkwaruzo mkali hadi mnong'ono, maana wembe umeingia kwenye mbao. Kwenye pinde, zungusha plaiwudi na mkono uache ulipo. Wembe ukianza kulivuta bati badala ya kulikata, badilisha. Kwa ua lile la petali nane mimi hula nyembe tatu. Vidole vya mkono unaoshikia viwe nyuma ya kisu siku zote, usiku wa manane hasa, macho yanapokuwa mazito.

Vipande vyote vikishatoka, ligeuze bati. Upande wa nyuma kingo zimeinuka, zina makali. Liweke juu ya kioo kilichonyooka, sugua kwa msasa laini na maji kwa kuzungusha mpaka kidole kipite bila kukwama. Ndani ya petali ingiza tupa. Kijipande kidogo cha bati kilichobaki, ambacho kwa jicho hukioni, ukutani kitakuwa kidole cha kivuli. Kisha libane kati ya mbao mbili kwa uzito usiku mmoja linyooke, kwa sababu bati lililopinda haliwezi kuwa na fokasi, yaani ukali wa picha, sawa katikati na pembeni.

Kwa nakshi nyembamba: mrututu

Kuna mistari ambayo kisu hakiwezi, kama mnyororo wa fremu ya mlango au kishada cha karafuu chenye vikonyo vyake. Kwa hiyo mimi natumia mrututu, ule wa buluu unaouzwa kwa wakulima wa kupiga dawa ya ukungu.

Chapisha mchoro kwa printa ya leza juu ya karatasi ya gazeti la kung'aa. Uchapishe kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu ukihamia kwenye bati utageuka. Nyeusi iwe bati litakalobaki. Bati lisafishe kwa msasa na sabuni mpaka maji yatande juu yake bila kukusanyika matone, na baada ya hapo usiliguse kwa vidole. Laza karatasi, kandamiza kwa pasi ya moto dakika kadhaa, tia yote kwenye maji, karatasi ikilainika uibandue taratibu. Wino wa leza umebaki juu ya bati. Penye pengo, ziba kwa rangi ya kucha. Mgongo wote wa bati na kingo zake zifunike kwa utepe mpana wa kufungia mizigo.

Katika lita moja ya maji mimi natia gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya jikoni. Chombo kiwe cha plastiki. Chumvi ina kazi yake: alumini ina utando juu unaoikinga, na chumvi ndiyo inayouvunja. Bila chumvi utakaa unatazama maji ya buluu. Vaa glovu na miwani, fanya kazi nje au dirisha likiwa wazi, usiwe na moto wala sigara karibu, kwa maana mapovu yanayotoka yana haidrojeni. Bati likizama, utaona linavuta tope jekundu. Hilo ni shaba inayotoka kwenye mrututu wakati alumini inayeyuka. Lifagie kwa unyoya wa kuku ili dawa ifike kwenye bati, na tazama kila dakika tano. Maji yatapata joto. Yakizidi, litoe bati yapoe, la sivyo wino utaachia.

Dawa haili kwenda chini tu, inakula na pembeni, chini ya wino. Kwa bati la milimita 0.3, hesabu kwamba kila mstari utapungua karibu kiasi hicho kila upande, na uuchore mnene zaidi tangu mwanzo.

Maji yaliyobaki usiyamwage. Naomba hapa unisikilize kuliko mahali pengine popote kwenye mwongozo huu. Shaba ni sumu kwa samaki na matumbawe, na kisiwa chetu ni cha jiwe la matumbawe, maji ya juu yanapenya haraka kwenda kwenye visima tunavyokunywa. Tia mabaki ya alumini kwenye dawa, yaache mpaka buluu yote iishe na shaba yote igeuke tope. Chuja kwa kitambaa kizito, tope likauke juani, lifunge kwenye chupa na ulihifadhi. Chupa yangu moja imebeba kazi ya miaka, haijajaa.

Kulitia kwenye taa

Lenzi inapindua picha: juu kunakuwa chini, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo gobo linaingia miguu juu. Upande unaosomeka uangalie balbu, usiangalie ukuta. Simama nyuma ya taa kana kwamba wewe ndiye balbu: ukiliona jina sawasawa ila limesimama kwa kichwa, ukutani litasomeka.

Hiyo ni pale wageni wakiwa upande mmoja na taa. Kama taa iko nyuma ya pazia jeupe na wageni mbele yake, gobo linageuzwa, upande unaosomeka uangalie lenzi. Tofauti hii niliijua kwenye harusi moja, pazia lilipowashwa na jina la bibi harusi likatoka kinyume mbele ya ukumbi mzima. Bati lilikuwa limeshakuwa la moto, na ilinichukua dakika kumi kulitoa kwa koleo, kulisubiri na kuligeuza. Mama yake alikaa kimya akiniangalia. Tangu siku hiyo kila gobo langu lenye maandishi lina mkwaruzo mdogo ukingoni unaosema JUU, na mwengine unaosema BALBU, na linajaribiwa mchana kabla kiti hakijapangwa.

Taa iwe imezimwa na kuchomolewa unapofungua geti. Ikiwa ilikuwa inawaka, koleo na glovu za ngozi. Na taa iliyoning'inizwa juu ya watu iwe na mnyororo wa pili wa kuishika, hata kama ni kwa nusu saa.

Ukishawasha, sogeza bomba la lenzi mbele na nyuma mpaka kingo ziwe kali, kisha rudi nyuma kidogo. Kwa nakshi za maua na majani, fokasi iliyolegezwa unywele tu inaficha mtetemo wa kisu na kuipa nakshi uhai. Kwa majina iwe kali. Baada ya robo saa angalia tena, taa ikishapata joto bati huhama kidogo.

Ukuta

Ukuta wa chokaa ni zawadi. Ni mweupe bila kung'aa, na mabonde madogo ya mawe yake yanaifanya nakshi ionekane imechongwa. Kwenye majengo ya Mji Mkongwe omba ruhusa na usitoboe ukuta kufunga taa. Simamisha stendi. Taa ikimwaga kwa mshazari wa nyuzi 45, ua la mviringo litanyooka kuwa yai, urefu wake umezidi upana kwa karibu nusu. Ukijua mapema kwamba huna pa kusimama ila hapo, chora yai la kinyume kwenye bati. Wakati wa kaskazi, Februari ikiwa na watu wamejaa Ngome Kongwe, usitegemee moshi wa jukwaani kuionesha miale hewani, upepo utauchukua wote. Tegemea ukuta.

Kama huna taa ya profaili

Unaweza kuanza na tochi kali ya LED, gobo dogo na lenzi ya kukuzia yenye fokasi ya sentimita 10, yaani inayokusanya mwanga wa jua kuwa nukta umbali huo. Weka gobo sentimita 10.3 nyuma ya lenzi, ukuta uwe mita 3 mbele yake. Nakshi ya sentimita 5 itatoka karibu mita 1.5. Gobo linaweza hata kuwa plastiki angavu iliyochapishwa kwa leza, ila wino mmoja unatoa kijivu, kwa hiyo pandisha nakala mbili au tatu juu ya nyengine, zilingane sawasawa. Chumba kiwe kiza kitupu. Kwa skuli yoyote, Unguja au Pemba, hili linatosha kuonesha somo zima la lenzi kwa nakshi ya mlango wa mtaani kwao.

Magobo yakimaliza kazi yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi, yafute, uyapange kila moja kati ya karatasi mbili ndani ya kopo lenye kifuniko. Juu ya karatasi andika kwa penseli taa uliyotumia, nyuzi zake, umbali wa ukuta na upana uliopata. Mwakani utakapoitwa nyumba ile ile, hutopima tena.